Nilimcheka wifi kwa unene wake, sasa nimebeba siri yake

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 44, watoto watatu, na duka la vipodozi hapa Moshi mjini. Kwetu ni Kibosho, na mimi ndiye binti wa kwanza kati ya watoto sita. Hilo nalitaja makusudi. Kwetu nikisema jambo wadogo zangu wanafuata, na nikicheka wanacheka.

Kaka yangu anayenifuata ana miaka kumi na moja kwenye ndoa. Mke wake ni mtu mpole, ana kazi yake, hana makuu, na mwili wake ulikuwa wa kawaida tu. Katikati ya mwaka jana akaanza kunenepa, na si ule unene wa kuja polepole. Ndani ya miezi mitatu uso ulikuwa duara kama sahani, mashavu yamejaa mpaka macho yamekuwa madogo, tumbo limetoka, na nyuma chini ya shingo kumeota kinundu cha nyama. Mikono na miguu ikabaki vilevile. Leo nikikumbuka naona hilo peke yake lilitosha kunishtua, lakini wakati ule nilikuwa natafuta cha kuchekea.

Oktoba tulikuwa na harusi ya mdogo wetu wa mwisho, na sare nilisimamia mimi. Siku ya kupimwa tulibanana wanawake kama kumi na wawili kwa fundi, karibu na Soko la Kati. Ilipofika zamu ya wifi, fundi akazungusha futikamba kifuani, akaivuta, akasoma namba, akapima tena. Mimi nikasema kwa sauti, "Fundi usijisumbue, huyu mkatie doti mbili, moja ya mbele moja ya nyuma." Wote waliangua kicheko, hata kijana wa kupiga pasi. Wifi naye alicheka. Alicheka huku mikono bado kainyanyua juu, akisubiri fundi amalize.

Siku ya harusi nikamwambia mpiga picha amsogeze pembeni asije akaziba watu. Picha hiyo nikaitilia fremu, ipo sebuleni kwa mama, nimeipigilia kwa mkono wangu. Wifi anaonekana bega moja na nusu ya uso. Krismasi tulipopanda nyumbani nikamkuta anajipakulia mtori, nikamuuliza kama bado yuko uzazini, maana mtoto wake mdogo ana miaka sita na mwenzetu bado anakula mtori wa mzazi. Huo ukawa msemo wa sikukuu nzima. Watoto wakaudaka, kila ikifika saa ya chakula utawasikia, "Anti yuko uzazini!" Januari nikampelekea chai ya kupunguza tumbo ninayouza dukani, pakiti ya shilingi 35,000. Nilimpa bure, Shangazi, nikajiona nimetenda wema.

Februari kaka akanipigia saa nane za usiku, wifi amezidiwa. Nilipofika hospitali alikuwa anatapika, hana nguvu hata za kushika kikombe, presha imeshuka, na miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa. Kaka akarudi kwa watoto, nikabaki mimi. Daktari akauliza anatumia dawa gani. Wifi akaniomba nimpe mkoba wake, akafungua zipu ya ndani kabisa, akatoa bahasha ndogo za dawa, zile za kaki zinazoandikwa kwa kalamu, na kadi ya kliniki. Ana ugonjwa wa figo. Figo zake zinavujisha protini kwenye mkojo, na tangu Juni alikuwa kwenye prednisolone. Hiyo ndiyo iliyomjaza uso. Daktari akasoma kadi, akahesabu vidonge vilivyobaki, akauliza, "Nani alikwambia uache?" Wifi hakujibu, wala hakugeuka kunitazama. Hapo ndipo nilipojua jibu ni mimi.

Alfajiri alipopata nafuu akaniambia, "Wifi, tafadhali usiwaambie nyumbani." Kaka anajua. Mama na wadogo zangu hawajui. Anaogopa wataanza kusema kaka ameoa mgonjwa, kila senti inaishia kwenye dawa, na wengine wataanza kumhesabia siku.

Sasa Pasaka inakuja na wote tunapanda. Kwenye grupu la familia mdogo wangu ameshaandika kwamba mbuzi mmoja hatatosha kama "mama uzazi" anakuja, na vikatuni vya kucheka vimemiminika. Mama naye kanipigia, anataka nikae na wifi nimwambie ajichunge, mwili ule unamwaibisha mwanawe.

Shangazi, nikisema anaumwa watanyamaza siku hiyohiyo, wataona haya kama nilivyoona mimi. Lakini nitakuwa nimemsaliti. Nisiposema, nitakaa pale nikisikiliza utani niliouanzisha mwenyewe. Ningejua ni ugonjwa nisingefungua mdomo, Mungu ni shahidi. Msamaha bado sijamwomba sawasawa. Kila nikianza nalia, halafu yeye ndiye ananibembeleza.

La mwisho: nina binti wa miaka 14, naye amenenepa, na nimezoea kumpunguzia chakula kwenye sahani mbele ya wenzake. Tangu Februari naogopa hata kumwambia aache soda. Sasa ndiyo watu tusiambiane kabisa? Presha na sukari si zipo?

Dada Mkubwa, Moshi

*

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu, pole kwa usiku ule.

Nianze na la nyumbani kwangu. Katika barua yako nimebadilisha mambo kadhaa, kijiji na biashara yako vikiwemo, kwa sababu ulivyoniandikia mwanzoni mtu wa ukoo wenu angemtambua wifi kabla hajamaliza aya ya pili. Na ulikuwa unaniuliza jinsi ya kutunza siri! Sikusimangi. Siri nyingi huvuja hivyohivyo, mtu anaomba ushauri.

Kuhusu kuwaambia: usiseme. Usimwambie mama, usimwambie mdogo wako unayemwamini, wala yule wa "nakwambia wewe tu". Ugonjwa ni wake, na kadi aliitoa mkobani kwa sababu daktari aliuliza na yeye hakuwa na nguvu za kukutoa nje. Hakukukabidhi wewe ukaitangaze.

Tena hata angekuruhusu, ningekuomba ufikiri mara mbili. Umeandika, "Ningejua ni ugonjwa nisingefungua mdomo." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko nyingine zote. Hebu chukulia daktari angepima usiku ule asikute kitu. Figo nzima, damu nzima, hakuna dawa mkobani. Mwili wake umetokana na kukaa dukani kutwa, chipsi mayai jioni na soda baridi. Je, maneno ya doti mbili yangekuwa halali? Mikono yake si ingekuwa imenyanyuliwa juu vilevile, watu kumi na wawili wanamwangalia, na hawezi kuishusha mpaka fundi amalize? Ukienda kuwaambia ndugu zako anaumwa, watanyamaza kwa kuwa huyu ana cheti. Atakayeolewa ukoo wenu mwakani akiwa na mwili mkubwa bila kadi ya kliniki, mtaanza naye upya.

Mimi mwenyewe nina deni la namna hii, ila langu lilikuwa upande wa pili wa mzani. Miaka ya tisini nilikuwa nakaanga vitumbua Ngarenaro, Arusha. Vijana wa leo hawaijui hofu ya wakati ule. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka kumi baadaye kila mtu aliyekonda alikuwa ameshahukumiwa mtaani. Mtu akikwambia "umenenepa" ilikuwa hongera, unashukuru. Basi kulikuwa na fundi viatu jirani yetu, kila asubuhi anakuja kwa chai na vitumbua viwili. Akaanza kukonda. Macho yakamtoka, mikono ikawa inatetemeka, halafu anatokwa jasho katika ile baridi ya Arusha ya mwezi wa saba. Mimi nikamtengea kikombe chake, cha bati, cha bluu. Sikusema neno. Niliking'iniza msumari wa peke yake, na kila akija nampa hicho.

Alipotea miezi kadhaa, kumbe ndugu zake walimpeleka hospitali. Ilikuwa tezi ya shingo, inafanya kazi kupita kiasi, inauchoma mwili kama jiko lililoachwa wazi. Akatibiwa, akarudi na mwili wake. Vitumbua aliendelea kununua kwangu mpaka nilipohama mtaa. Chai hakunywa tena hata siku moja.

Kwa hiyo ninaposema nakuelewa, nakuelewa kwa kikombe kile.

Sasa nikueleze kilichompata wifi, maana ninyi mnaomzunguka ndio mtakaomlinda au kumwangusha. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Tezi hizo hutengeneza homoni ya kotisoli (cortisol), ambayo mwili unaihitaji ili kushikilia presha, kupambana na homa na kuvumilia mshtuko. Prednisolone ni dawa ya jamii hiyohiyo. Anapewa kwa sababu, katika magonjwa mengi ya figo kuvuja protini, kinga ya mwili ina mkono wake, na dawa inaituliza. Hutumika pia kwa pumu kali, kwa lupus, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, na kwa baadhi ya magonjwa ya viungo. Ikitumika kwa wingi kwa miezi, mafuta ya mwili yanahama. Yanakusanyika usoni, tumboni na pale nyuma ya shingo ulipokiona kinundu, huku mikono na miguu ikibaki myembamba. Mwili unashika chumvi na maji. Usingizi unaweza kupungua, sukari na presha vinaweza kupanda, na njaa inakuja ambayo mtu hajawahi kuijua. Ule mtori uliomkuta akijipakulia, huenda alikuwa anapambana na njaa ya kidonge.

Na kuna hatari moja hapo. Mtu akitumia dawa hii kwa wiki kadhaa, zile tezi zake zinapumzika, zinaona kazi inafanywa na mwingine. Akiiacha ghafla, dawa haipo na tezi bado zimelala. Matokeo yake ndiyo uliyoyaona kitandani: kutapika, kuishiwa nguvu, presha kushuka. Mtu anaweza kufa. Ndiyo maana daktari huipunguza ngazi kwa ngazi, kidonge kwa kidonge. Kwa wifi yako kulikuwa na la pili, kwamba dawa ikiondoka ugonjwa wa figo unarudi kwa nguvu, na miguu ikavimba. Uso nao hupungua kadiri dozi inavyoshushwa, kwa watu wengi. Ukitaka uso wa zamani wa wifi, njia yake ni kumeza dawa mpaka mwisho kama alivyoandikiwa.

Hiyo chai yako, itoe dukani. Najua ni hela, na najua inatoka haraka kila Januari. Lakini nyingi za chai hizi kazi yake ni kuendesha tumbo, zina sanamaki au kitu cha aina hiyo. Mtu anapoteza maji na madini, mzani unashuka kilo mbili, anafurahi, kesho anakunywa maji zinarudi. Mzima atachoka tu. Mwenye figo mbovu anaweza kulipa gharama ambayo pakiti haikuiandika. Na wewe humwulizi mteja kama ana figo, unamwangalia tumbo.

Zipo sababu nyingine nyingi ambazo macho hayazioni. Kuna mwanamke tezi yake ya shingo imezembea, anachoka, anahisi baridi, nywele zinakatika, na anaongezeka uzito huku anakula kidogo kuliko wewe. Wengine ni sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, wengine insulini, wengine dawa za afya ya akili ambazo ndizo zinazowafanya waweze kuamka na kwenda kazini. Wengine si mafuta kabisa, ni maji. Ukibonyeza kidole kwenye muundi ukahesabu mpaka tano, kinaacha shimo. Huyo ni wa kuwahishwa hospitali akaangaliwe moyo, figo na ini, halafu mtaani anaambiwa hongera maisha yamemkubali. Na damu nayo, yaani kile mtu anachorithi kwa waliomzaa, ina sehemu yake kubwa. Mwaka 1986 watafiti walichapisha matokeo kutoka Denmark ya watu walioasiliwa utotoni. Unene au wembamba wao ulifuata wazazi waliowazaa, haukufuata wale waliowapakulia chakula mezani.

Nakuomba lakini usiitumie aya hiyo kuanza kubahatisha, huyu ni tezi, yule ni sindano. Hata huko ni umbea, umevaa koti jeupe tu.

Haya, Pasaka.

Kwanza mwone wifi, kabla ya grupu, kabla ya mama. Nenda siku ambayo huna haraka na duka. Taja mambo kwa majina yake: kwa fundi, picha, mtori, chai. Usiseme "nilikuwa natania," kwa sababu analijua hilo na ndilo lililomuuma. Ukihisi machozi yanakuja, toka nje, nawa uso, rudi. Akikubembeleza tena utakuwa umemfanyisha kazi ya pili juu ya ile ya kuumwa. Usimwombe akujibu siku hiyo. Mwambie unataka kuuzima ule utani na mwulize anapenda uuzime vipi, kwenye grupu au kwa simu ya mtu mmoja mmoja. Huenda hataki jina lake litajwe popote, na hapo utamfuata yeye.

Akikubali uandike kwenye grupu, andika kifupi. Kitu kama: "Ule utani wa uzazi niliuanzisha mimi na ulikuwa wa kukosa adabu. Nimeufuta. Atakayeona bado unachekesha anichekee mimi." Basi, weka simu chini. Usiongeze "kuna mambo hamyajui," wala "msimhukumu mtu hamjui anapitia nini." Maneno hayo yanaonekana ya hekima, lakini kwenye grupu la familia ni sawa na kufungua mlango nusu. Kabla ya saa ya chakula cha mchana kuna mtu atakuwa ameshampigia kaka kuuliza wifi anaumwa nini. Na mtoto wa mtu akisema "Anti yuko uzazini" siku ya Pasaka, mwite pembeni umwambie wewe ndiye uliyemfundisha neno baya. Watoto hulipokea hilo vizuri kuliko wakubwa.

Mama usimjibu kwa simu. Panda siku moja kabla, mkae jikoni, umwambie kwa heshima yake: "Mama, mwili wa wifi ni jambo lake na mumewe. Mimi nililisemea nikakosea, siwezi kulirudia." Atanuna. Akikutuma tena, mwambie mama nitume kwingine. Wewe ni binti wa kwanza, ukimkatalia jambo moja katika miaka 44 hatakuondoa kwenye urithi.

Ila nina swali ambalo hukuniuliza. Kaka yako alikuwa wapi? Anajua ugonjwa, anajua dawa, anakaa kwenye kiti Krismasi nzima anasikia mkewe anaitwa mzazi wa miaka sita, na kwenye barua yako yote hajasema neno. Wewe ulianzisha, lakini yeye alikuwa na ufunguo mfukoni. Mwulize, taratibu, mkiwa wawili. Na ninaweka shilingi yangu hapa kwamba katika ukoo huohuo kuna shemeji ambaye kitambi chake kinatangulia mlangoni dakika nzima kabla yake, na anaitwa bosi, anatengewa kiti chenye mto.

Halafu kuna jambo moja ambalo wewe peke yako unaliweza, kwa kuwa jiko la sikukuu liko mikononi mwako. Mtu mwenye ugonjwa kama wa wifi huambiwa apunguze chumvi, kwa sababu chumvi inashika maji na kumvimbisha. Sikukuu za kwetu ni chumvi tupu. Kuna supu, kuna kisusio, kuna nyama ya kuchoma ya kuchovya chumvi, kuna vile vipande vya viungo vya mchuzi ambavyo ni chumvi iliyokandamizwa. Hata kiburu, kama mnakitia magadi, magadi nayo ni sodiamu, ndugu ya chumvi. Usimpikie wifi chungu chake pembeni, watauliza chungu hiki cha nani. Pika vyungu vyote kwa chumvi kidogo, magadi yaache, kibakuli cha chumvi kiweke mezani, anayetaka aongeze mwenyewe. Watalalamika mpishi amezeeka. Waache walalamike. Mipaka yake kamili ya chakula anayo daktari wake, wifi atakwambia ukimwuliza mkiwa peke yenu.

Na siku zake za kliniki, chukua watoto. Hiyo ni nusu siku tu ya duka.

Binti yako. Umeuliza kama watu tuache kabisa kuambiana, maana presha na sukari zipo. Zipo, mwanangu, na mwili mkubwa huongeza hatari yake, sitakudanganya ili nikupoze. Lakini kwa fundi ulikuwa hulindi presha ya mtu. Daktari akitaka kumwambia mtu habari ya uzito wake humpima, hufunga mlango, humwuliza analalaje, anakula nini, anatumia dawa gani. Wewe hukuwa na mzani, ulikuwa na watazamaji.

Kwa mtoto wa miaka 14 ambaye bado anakua, usiguse sahani yake. Gusa nyumba. Soda isinunuliwe kwa mtu yeyote, mdogo wala mkubwa, na baba yake akitaka akanywee kwa Mangi dukani. Wote mle chakula kilekile. Mwulize kuhusu hedhi, kuhusu usingizi, kuhusu shule na nani anamsumbua, na uyasikilize majibu bila kurukia kwenye chakula. Ikiwa ameongezeka ghafla, au hedhi zinaruka miezi, mpeleke akapimwe, na kule ndani mwache aongee na daktari mwenyewe. Kuhusu zile siku ulizompunguzia mbele ya wenzake, mwombe radhi. Akikuuliza kwa nini leo, mwambie umejifunza kitu. Usimwambie kwa nani.

Na ile picha ya sebuleni kwa mama, itoe ukutani kabla wifi hajafika. Usiitishe kikao. Msumari uliupigilia wewe.

Shangazi